Mifereji Iliyochukiwa Yarudi Mlimani Rubavu

Tangu usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilipoua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda na mto Sebeya ukaingia majumbani Nyundo, wilayani Rubavu, kila masika watu wa huko huuangalia mto huo kwa hofu. Mazungumzo huishia bondeni: kuta za mto, bwawa, wakazi wahamishwe. Lakini tope lililozifunika nyumba zile lilikuwa shamba la mtu huko juu.

Huko Mudende, chini ya mlima Karisimbi, udongo wa volkano ni mweusi na mwepesi. Viazi mviringo huupenda, ila mvua ikiukuta mtupu huuteremsha. Kinga yake ni imirwanyasuri, mifereji inayochimbwa kukingama mteremko. Udongo uliochimbuliwa hurundikwa ukingoni na kupandwa majani ya tembo. Maji husimama, huzama polepole. Ng'ombe hula majani, na samadi yao hurudi shambani.

Kazi hiyo nzuri ililetwa kwa ubaya. Wakoloni wa Kibelgiji waliiamuru na kuikazania zaidi baada ya njaa ya Ruzagayura ya 1943–44. Amri ilishuka kwa machifu, nao wakaipitisha kwa wananchi pamoja na kazi nyingine za shuruti; aliyekaidi alichapwa kiboko. Mkulima hakuulizwa mfereji upite wapi, ingawa ulimmegea kishamba chake kidogo. Uhuru ulipofika mwaka 1962, watu waliitelekeza mifereji hiyo, na mingine ikafukiwa. Waliwahi kuitwa wajinga kwa hilo, na si haki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wanawake wa Murang'a, Kenya, waligoma kuchimba matuta ya lazima. Mwaka 1955 Waluguru wa Tanganyika waliandamana kwa sababu hiyohiyo. Watu hao wote waliujua udongo wao. Walichokataa ni kutumikishwa juu yake.

Umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, wa miaka ya 1970 uliwarudisha watu mferejini. Wakati huohuo msitu wa jirani wa Gishwati ulikuwa ukikatwa kupisha malisho, misonobari na, baada ya 1994, makazi: kutoka takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970 hadi 600 hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Septemba 2007 mafuriko yalikumba Bigogwe, karibu na msitu huo. Mabaki ya msitu sasa yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Mpango wa Girinka, ulioanza 2006, umeleta ng'ombe na samadi kwa kaya maskini, na miradi ya bonde la Sebeya imechonga matuta ya ngazi na kupanda alnus, mti ambao mizizi yake huongeza naitrojeni ardhini.

Viongozi hupenda kutaja hekta zilizochimbwa. Lakini mfereji usiozolewa tope hujaa, na uliojaa haukingi kitu. Kuuzoa ni kazi ya jembe na mgongo, nayo humwangukia mkulima peke yake, ilhali Sebeya ikiwa safi wanaonufaika ni wanywa maji wa mjini Gisenyi na mitambo ya umeme ya Gihira na Keya. Sehemu ya ankara za maji na umeme irudi mlimani, ilipwe kwa kila mfereji uliozolewa kabla ya masika.