Kimya cha Chernobyl na Hofu ya Walimwengu

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo. Kinu cha nne cha nyuklia cha Chernobyl, katika Ukrainia ya Kisovieti, kililipuka usiku wa Aprili 26, 1986. Walakini serikali ya Moscow haikuutangazia ulimwengu ila jioni ya Aprili 28, baada ya mionzi kugunduliwa katika kituo cha Forsmark, Uswidi. Hofu iliyozagaa Ulaya, basi, haikutokana na mionzi peke yake: palipokosekana habari palijaa uvumi, na maziwa na mboga vikatiliwa shaka hata mbali na mkasa. Mataifa yaliitambua ila hiyo, kwani Septemba mwaka huo huo yalipitisha mkataba wa kuarifiana upesi ajali za nyuklia. Mkataba huo, kwa hakika, ulikuwa hukumu juu ya kimya.