Ndani ya Tembe: Neno na Nyumba katika Singida

Mwaka 1899 Carl Larsson, mchoraji wa Uswidi, alitoa kitabu cha picha za nyumba yake mwenyewe na watu wake. Katika miaka iyo hiyo Vilhelm Hammershøi wa Denmark alikuwa akichora vyumba vya nyumba yake mjini Copenhagen, mara nyingi mkewe akiwa amempa mtazamaji kisogo. Wote wawili waliutegemea mwanga wa dirisha.

Tembe ya Wanyaturu na Wanyiramba haikuwa na dirisha la kumfaa mchoraji. Kuta zake zilikuwa za miti iliyokandikwa udongo. Na paa lake, lililo bapa, nalo lilikuwa la udongo juu ya nguzo na boriti. Giza lile halikuwa upungufu, kwa kuwa nyumba ilipoa mchana na kuhifadhi joto usiku. Humo ndimo yalimokuwa mafiga, jiwe la kusagia uwele na mtama, malindo ya nafaka na ngozi za kulalia. Mgeni atokaye juani hakuona kitu, akarudi nje kuchora paa.

Neno lenyewe lina kasoro iyo hiyo. Burton, aliyepita Mgunda Mkali mwaka 1857, alilitumia katika kitabu chake cha 1860; nalo katika Kiswahili ni neno la njia ya misafara, la mtu aliyeitazama nyumba kwa mbali. Hata leo, tukisema tembe, twafikiria paa. (Wengine hufikiria kwanza kuku asiyetaga bado, wala siwalaumu.)

Tangu watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1973 hadi 1976, matembe mengi yaliachwa, na mabati yakaenea. Howard Olson alikwisha kuandika sarufi ya Kirimi, yaani Kinyaturu, mwaka 1964; lakini sarufi huhifadhi ngeli, haituambii mama aliketi wapi. Kwa maoni yangu msamiati wa ndani yafaa utafutwe kwa wanawake wazee kabla ya wengine wote, maana wazee wa kiume hueleza zaidi zizi na ua.

Nilimwuliza bibi mmoja wa Iramba jina la mahali pa nyuma ya jiwe la kusagia. Alipiga magoti, akaonyesha kwa mikono jinsi unga ulivyoangukia, akanyamaza kitambo. Jina halikumjia.