Nyasi Mpya Sakafuni: Kazi za Nyumbani na Uamsho wa Kiroho Buhaya

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya usharika wetu, kurasa nyingi za kitabu hiki zimetengwa kwa ajili ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, pamoja na majengo waliyoyasimamia. Hilo ni jema na la haki. Makala haya yanaingia mahali pasipowekewa jiwe la msingi: ndani ya nyumba, ambamo fagio na mtungi wa maji vilikuwa vitabu vya mafundisho kwa wengi ambao hawakujua kusoma.

Nyumba na Nyasi Zake

Wazee wetu wanaikumbuka nyumba ya msonge. Sakafu yake ilitandikwa nyasi zilizokatwa na akina mama huko rweya, uwanda wa majani ulio nje ya vijiji, na kubebwa kichwani hadi nyumbani. Nyasi hizo zilikuwa kiti cha mgeni na kitanda cha mtoto. Zilipochakaa zilishika unyevu na kuzaa viroboto. Hapo ziliondolewa zote, sakafu ikafagiwa, kisha mpya zikatandikwa. Zile za zamani hazikupotea bure. Zilipelekwa kibanjani na kuwekwa kwenye mashina ya migomba pamoja na samadi. Udongo wa Buhaya kwa asili yake hauna rutuba nyingi. Migomba yetu ilistawi kwa sababu kila kizazi kilikilisha kibanja kwa nyasi za rweya na kwa yale yaliyotolewa nyumbani.

Bibi yangu aliyenilea alikuwa na desturi ya kubadilisha nyasi kabla ya siku ya Meza ya Bwana. Mara moja alinituma kazi hiyo, nami kwa uvivu nikatandika nyasi mpya juu ya zile za zamani. Nyumba ikapendeza, na wageni waliopita jioni ile wakaisifu. Usiku hatukulala kwa viroboto. Asubuhi bibi hakunichapa. Aliniambia tu, "Mgeni huona ya juu, alalaye ndani huyajua ya chini." Tukatoa zote, tukaanza upya. Alipokwisha kutandika, alijitanda kanga yake akaenda kwa jirani ambaye walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa kibanja. Aliporudi alisema kwamba sasa anaweza kwenda Mezani. Sikupata kusikia mahubiri ya toba yaliyonifikia zaidi ya hayo.

Uamsho Waingia Majumbani

Injili ya Kilutheri iliingia Buhaya mwaka 1910, walipokuja wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani. Walikuta baadhi ya Wahaya wamekwisha kulisikia Neno kutoka Uganda na kuanza kulisoma. Mara mbili, katika Vita Kuu ya Kwanza na tena katika ile ya Pili, wamisionari hao waliondolewa. Mwaka 1942 msaada ulikuja kutoka Sweden, akiwamo Bengt Sundkler ambaye baadaye alikuwa askofu wetu. Katika majira hayo ya upungufu, wainjilisti wenyeji waliishika kazi, na ibada za nyumbani ziliendelea kuwa nguzo.

Ndipo ulipokuja uamsho. Moto wake uliwaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, na kufikia mwisho wa miaka hiyo ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Bukoba. Waliookoka walizungumza juu ya kutembea nuruni, maana yake kuungama waziwazi na kutengeneza pale palipoharibika. Josiah Kibira, aliyekuwa askofu mwaka 1964 na rais wa Fungamano la Kilutheri Ulimwenguni mwaka 1977, alikuwa mtoto wa uamsho huo.

Matunda yake yalionekana jikoni kabla ya kuonekana mimbarini. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa kwa wenyewe. Katika nyumba nyingi za ndugu hao, baba aliyezoea kula peke yake alianza kuketi chakulani pamoja na mkewe na watoto. Lakini ukweli wa historia unatudai tuseme na upande wa pili. Wako waliofagia nyumba za wenzao huku za kwao zikibaki na vumbi. Waliwahukumu wengine kuwa hawajaokoka, na majeraha hayo yalichukua muda mrefu kupona.

Mafundisho ya Luther

Mambo haya si mageni kwetu Walutheri. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliiandaa ili mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Humo anafundisha kuwa ubatizo ni jambo la kila siku: utu wa kale hauna budi kufa kila siku kwa toba, na mtu mpya afufuke. Tena mwaka 1522 aliandika kwamba baba afuaye nepi za mtoto kwa imani, hata akichekwa na watu, anampendeza Mungu. Naye Bwana wetu, katika Luka 15, alipotaka kuonyesha furaha ya mbinguni kwa mwenye dhambi atubuye, alimchagua mwanamke aliyewasha taa na kuifagia nyumba yake.

Mafundisho hayo yalijaribiwa tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walipotambuliwa mkoani Kagera. Wakati wengine waliogopa hata kugusa kikombe cha mgonjwa, walikuwapo akina mama waliofua mashuka yake, wakampikia uji, na baada ya mazishi wakawachukua yatima. Majina ya wengi wao hayamo katika vitabu vya usharika. Iwapo tunatafuta ushahidi kwamba uamsho ulikuwa wa kweli, na tuutafute kwenye mikono hiyo.

Wito kwa Karne Mpya

Leo sakafu zetu ni za saruji na vigae, na watoto wetu hawajui kutandika nyasi. Desturi imepita, fundisho limebaki. Kwa ajili ya jubilei tumepaka kanisa rangi na kushona sare za kwaya. Je, wale wasiosemezana kati yetu wamekwisha kuendeana? Jubilei isije ikawa nyasi mpya juu ya za zamani. Tukiyatoa yaliyochakaa, Mungu aweza kuyafanya hata hayo kuwa rutuba, kama nyasi zile kibanjani, ili wajao baada yetu wale matunda.

Bwana atujalie kuifagia nyumba kila siku kabla ya kumkaribisha Mgeni. Amina.