Kikao cha Ukoo: Uliza Jina, Uliza na Mlima

Ukienda kwenye kikao cha kutafuta ukoo, beba daftari, na ujue kwanza historia ya majina.

Kwa desturi ya Kinyarwanda mtoto harithi jina la baba, hupewa lake. Ndugu watatu wa tumbo moja, wazaliwa wa Nyakarenzo, wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana. Jina tupu litakupoteza. Uliza: wazazi wake ni nani? Bibi alitoka mlima gani? Ukoo wao ni Abasinga, Abega au Abazigaba? Kwenye karatasi za zamani tafuta Cyangugu. Wilaya ya Rusizi imekuja 2006.

Mwaka 1994, vita na mauaji ya kimbari vilipotawanya watu, BBC ilianzisha Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Waliopotezana walitafutana redioni kwa majina.

Wewe nawe anza na aliye mzee kuliko wote. Usimkatize. Akimtaja aliyeuawa, nyamaza, mwache apumue. Kisha msomee ulichoandika, asahihishe.

Kuna ndugu bado hajaonekana? Peleka majina hayo kwa Msalaba Mwekundu. Kutafutiwa ndugu hakulipiwi.