Cadbury ya Birmingham, 1824–2024

John Cadbury alikuwa na miaka 22 alipofungua duka katika mtaa wa Bull, Birmingham, mwaka 1824. Aliuza chai, kahawa na kakao ya kunywa, ambayo aliitwanga mwenyewe kwa kinu na mchi. Familia yake ilikuwa ya Waquaker, wale ambao Kenya magharibi tunawajua kama Kanisa la Marafiki. Uingereza ya wakati huo iliwafungia milango ya vyuo vya Oxford na Cambridge, na imani yao iliwakataza kushika silaha, kwa hiyo wengi walikimbilia biashara. Kwa kuwa walichukia ulevi, kakao iliwafaa sana: kinywaji cha moto cha kumtoa maskini kilabuni. Fry wa Bristol na Rowntree wa York nao walikuwa Waquaker.

Kampuni ilinusurika kufa mapema. Mwaka 1861 wana wa John, Richard na George, walikabidhiwa kiwanda kilichobakiwa na wafanyakazi 11 tu, wakazamisha humo urithi wa mama yao. Kilichowaokoa ni mashine ya Van Houten kutoka Uholanzi, yenye kukamua siagi ya kakao. Kabla ya hapo kinywaji kilikuwa na mafuta mengi mno, hata watengenezaji wakakichanganya na unga wa viazi ili uyanyonye. Kuanzia 1866 ndugu hao waliuza kakao tupu, na siagi iliyokamuliwa ikawa malighafi ya chokoleti ya kula. Mwaka 1879 walihamishia kiwanda mashambani, mahali walipopaita Bournville, ambako baadaye George alijenga kijiji cha nyumba zenye bustani, bila baa hata moja. Chokoleti ya maziwa, Dairy Milk, ilifuata mwaka 1905.

Vitabu vya maadhimisho hupenda kukaa hapo Bournville. Mimi naona historia yenyewe iko São Tomé.

Kisiwa hicho cha Wareno ndicho kilichowauzia Cadbury sehemu kubwa ya kakao yao mwanzoni mwa karne ya 20. Wafanyakazi wake walikuwa watu wa Angola, walionunuliwa au kutekwa bara, wakatiwa mikataba ya miaka mitano na kuvushwa bahari. Mkataba ulipoisha, ulifungwa mwingine. Waliorudi kwao ni wa kuhesabika. Mwaka 1901 William Cadbury, mwana wa Richard, aliona tangazo la shamba linalouzwa huko, wafanyakazi wakiwa wameorodheshwa pamoja na mali nyingine. Basi alijua. Mwaka 1903 alikwenda Lisbon kulalamika. Mwaka 1905 kampuni ilimtuma Joseph Burtt kuchunguza, naye akarudi mwaka 1907 na ripoti iliyothibitisha yote. Mwaka 1908 William akaenda mwenyewe. Kakao ilisusiwa Machi 1909.

Ni miaka minane, na ununuzi ukiendelea. Utetezi wao haukuwa wa kipuuzi: mnunuzi mkubwa ana sauti, akiondoka anaipoteza, na serikali ya Uingereza yenyewe iliwataka wasubiri, kwa sababu migodi ya Transvaal ilitegemea vibarua wa Msumbiji ya Wareno. Gazeti la Standard liliwaita wanafiki, wakalishtaki kwa kashfa. Desemba 1909 baraza la raia waliosikiliza kesi liliwapa ushindi, na fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni. Hukumu hiyo ilisema mengi kuliko ripoti zote.

Waligeukia Gold Coast, Ghana ya leo, kwa wakulima wadogo waliolima mashamba yao wenyewe. Huko hapakuwa na minyororo, ila palikuwa na bei. Mwaka 1937 makampuni ya ununuzi, Cadbury ikiwemo, yalikubaliana yasishindane. Wakulima wakagoma, wakazuia kakao yao hadi mwaka uliofuata.

Mengine ni ya vitabu vya hesabu. Cadbury iliungana na Fry mwaka 1919, na Schweppes mwaka 1969. Mwaka 2010 Kraft ya Marekani iliinunua, ikiwa imeahidi kutofunga kiwanda cha zamani cha Fry huko Somerdale. Siku chache baada ya ununuzi ikatangaza kwamba kitafungwa. Mmiliki wa sasa, Mondelez iliyotokana na Kraft hiyo, aliusimamisha uzalishaji wa Nairobi mwaka 2014. Na Desemba 2024, mwaka wenyewe wa sherehe, Cadbury ilipoteza kibali cha kifalme ilichokuwa nacho tangu enzi za Malkia Victoria.

Kijiji cha Bournville hakikuingia katika mauzo hayo. Mwaka 1900 George Cadbury alikikabidhi kwa amana inayojitegemea, ili faida isirudi kwa familia wala kiwandani, na amana hiyo ndiyo inayokisimamia mpaka leo.