Clarence Moore, mhandisi aliyeuzima moto wa antena mlimani

Msafiri anayetoka Kasese kwenda Bwera, magharibi mwa Uganda, huiacha barabara kuu kwenye njia panda ya Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, kisha hushika njia ya mpaka wa Mpondwe huku safu ya Rwenzori ikiwa upande wake wa kulia. Kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Kwa macho, mlima huo ni fahari. Kwa redio ni ukuta. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga, kwa mstari ulionyooka, hivyo kijiji kilichojificha nyuma ya mgongo wa mlima kinaweza kukosa matangazo hata kama mnara hauko mbali.

Masafa mafupi ndiyo yaliyouruka ukuta huo. Hurushwa kuelekea tabaka la juu la anga, nalo huyarudisha ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo njia iliyofikisha Afrika Mashariki matangazo ya Kiswahili ya BBC, yaliyoanza London mwaka 1957, na yale ya Deutsche Welle, yaliyoanza mwaka 1963. Redio ya betri ilitosha. Kuyarusha, hata hivyo, hakukuwa kazi nyepesi, na mmoja wa wahandisi walioonja ugumu wake alifanya kazi katika nchi nyingine ya milima iliyo kwenye ikweta: Ecuador, Amerika Kusini.

Kituo cha HCJB kilianza kutangaza mjini Quito siku ya Krismasi mwaka 1931. Waanzilishi wake, Clarence Jones na Reuben Larson, walikuwa wamisionari kutoka Marekani, na mtambo wao wa kwanza ulikuwa na nguvu ya wati 200 hivi, pungufu ya pasi ya umeme ya nyumbani. Kufikia mwaka 1940 kituo kilikuwa na mtambo wa wati 10,000, uliojengwa na mhandisi Clarence Moore, Mmarekani mwenzao katika kazi na imani.

Furaha ya mtambo mpya haikudumu. Quito iko takriban mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na huzuia umeme kwa udhaifu kuliko hewa ya pwani. Antena ya kituo ilikuwa na vyuma vilivyonyooka, na volteji ya chuma cha namna hiyo huwa kubwa zaidi kwenye ncha zake. Usiku ncha hizo ziliwaka, umeme ukivuja hewani kama ndimi za moto, na chuma kikayeyuka kidogo kidogo na kudondoka chini. Moore alijaribu kuzivisha ncha maboya ya shaba, yale yanayoelea ndani ya tangi la maji la choo. Yalipunguza balaa, hayakuimaliza.

Katikati ya mwaka 1942 alikwenda mapumzikoni Posorja, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Pasifiki, akibeba vitabu vya uhandisi vyenye uzito wa kilo 45 hivi. Alisimulia baadaye kwamba yeye na wenzake walikwenda wakiwa wamenuia kulipatia tatizo hilo ufumbuzi kwa msaada wa Mungu. Msomaji asiye wa imani yake anaweza kuipokea kauli hiyo apendavyo. Kinachoonekana wazi ni kwamba kwa Moore sala haikuchukua nafasi ya vitabu, wala vitabu havikuchukua nafasi ya sala. Mtu mwingine angekwenda pwani na kitambaa cha kuogea tu.

Jibu lilikuwa jepesi, kama majibu mengi yaliyochelewa. Ikiwa tatizo ni ncha, iundwe antena isiyo na ncha. Moore aliutanua waya uliokunjwa hadi ukawa mraba uliojifunga, kila upande ukiwa robo ya urefu wa wimbi. Kwa mita bendi 25, upande mmoja hufikia mita sita na kidogo. Nyuma ya mraba huo aliweka mraba wa pili, wa kuyaakisi mawimbi yaelekee upande mmoja. Volteji ilibaki, lakini haikuwa tena na ncha ya kutokea, na moto ukazimika.

Antena hiyo ya mraba ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1951, na waendeshaji wa redio za ridhaa duniani wangali wakiijenga kwa waya na fito za mianzi. Moore alirejea Indiana, ambako mwaka 1947 alianzisha mjini Elkhart kampuni ya kutengeneza vinasa sauti vya kuhimili kazi ya wamisionari mashambani. Karakana ya kwanza ilikuwa banda la kuku. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama Crown, jina ambalo mafundi wengi wa vipaza sauti, makanisani na kwenye kumbi za muziki, wamelisoma kwenye vikuza sauti vyao bila kujua habari za Quito.

Nchini Uganda, vituo binafsi vya FM vilianza kusikika mwaka 1993, na baadaye Kasese ikapata vituo vyake vinavyozungumza Lukonzo, lugha ya wakazi wengi wa miteremko ya Rwenzori. Mafundi wake hawapambani na moto wa Moore. Wanapambana na ukuta, na kila mnara mpya bado huanza kwa kuuliza ni kilima kipi kinachoionana na Bwera.