Dawa za maumivu: Kinachokupa nafuu ndicho huumiza tumbo na figo

NI nadra kupata nyumba nchini Kenya isiyo na vidonge vya maumivu vilivyosazwa, ama kwenye droo ama juu ya kabati. Mgongo ukiuma baada ya kutwa nzima shambani, goti likivimba au jino likimkosesha mtu usingizi, hujikokota hadi duka la dawa lililo karibu na kuomba 'kitu cha maumivu'. Mara nyingi hupewa diklofenaki au ibuprofeni, na mara nyingi haulizwi iwapo ana shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au ujauzito.

Dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja, ambao wataalamu huuita dawa za kupunguza uvimbe zisizo za steroidi. Maana yake ni kwamba hutuliza maumivu, homa na uvimbe bila kuwa na homoni kama ile iliyomo katika predinisoloni. Ukoo huo ni mkubwa. Mna aspirini, ibuprofeni ambayo wengi huiita Brufen, diklofenaki ijulikanayo pia kwa jina la Voltaren, naproksini, piroksikamu, meloksikamu, indomethasini na selekoksibu. Parasetamoli, ambayo ndiyo dawa iliyomo katika Panadol, haimo. Hiyo hutuliza maumivu na homa lakini haipunguzi uvimbe, na ikizidishwa huharibu ini. Tofauti hii ni ya kukumbukwa kwa sababu, kama tutakavyoona, kuna nyakati ambapo parasetamoli yafaa na hizo nyingine ni hatari.

Aspirini ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mnamo 1899, lakini kwa muda wa miaka 70 hivi watu waliimeza bila yeyote kujua jinsi inavyofanya kazi. Ilikuwa mwaka wa 1971 ambapo mwanasayansi John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini na dawa zinazofanana nayo huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwaka wa 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Uswidi.

Ugunduzi huo ndio unaoeleza faida na madhara ya dawa hizi kwa pamoja. Penye jeraha, prostaglandini ndizo huleta uvimbe, joto na maumivu. Zikizuiwa, mgonjwa hupata nafuu. Lakini kemikali hizo hizo zina kazi nyingine za heri. Tumboni, husaidia kutengeneza ute unaokinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Katika figo, hutanua mishipa ili damu iendelee kufika pale mwili unapopungukiwa na maji. Dawa haichagui. Ikizuia prostaglandini za goti huzuia pia za tumbo na za figo.

Sindano na chakula si kinga

Kutokana na hali hiyo, imani mbili zilizoenea sana zinapasa kuangaliwa upya. Ya kwanza ni kwamba ukila kwanza, dawa haiwezi kukudhuru. Ni kweli kwamba chakula hupunguza kiungulia na kichefuchefu, na si vibaya kumeza vidonge hivi baada ya mlo. Hata hivyo, chakula hakizuii kidonda kutokea, maana madhara makubwa hayatokani na kidonge kugusa tumbo bali na dawa iliyokwisha kuingia katika damu.

Imani ya pili ni kuhusu sindano ya diklofenaki, ambayo wagonjwa wengi huipenda wakiamini kwamba kwa kuwa haipitii tumboni, ni salama. Sivyo. Ikitoka matakoni, dawa huingia katika damu, na damu huifikisha kwenye ukuta wa tumbo kama ambavyo ingeufikia kwa kumezwa. Isitoshe, sindano ikichomwa mahali pasipofaa huweza kuumiza neva kubwa inayoshuka mguuni na kumwacha mtu akiuburuta mguu huo. Kwa mtu awezaye kumeza, hakuna sababu ya kuomba sindano kwa maumivu ya kawaida ya mgongo.

Kidonda kinacholetwa na dawa hizi kina hila yake: huenda kisiume. Dawa yenyewe hufunika uchungu, na mgonjwa huja kugundua mambo yameharibika anapotapika damu. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliowahi kuugua vidonda, wanaotumia predinisoloni au dawa ya kuzuia damu kuganda kama vile warfarini, na wanaokunywa pombe kwa wingi. Bakteria aina ya Helicobacter pylori, ambao wameenea sana katika nchi zetu, pia huongeza hatari hiyo. Mtu wa namna hii akilazimika kutumia dawa hizi, daktari humwandikia pamoja nayo dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli.

Figo na moyo

Figo za mtu mzima mwenye afya anayekunywa maji ya kutosha haziathiriki sana kwa vidonge vya siku mbili tatu. Taabu huanza mwili unapokauka. Mtu anayeharisha au kutapika, mfanyakazi aliyeshinda juani bila maji, na hata mwanariadha anayemeza ibuprofeni kabla ya mbio ndefu ili asihisi maumivu, wote hao wanazinyima figo kinga yao wakati zinapoihitaji zaidi. Katika taifa la wakimbiaji kama letu, hilo la mwisho lafaa kusemwa kwa sauti zaidi kambini.

Kundi jingine ni wagonjwa wa shinikizo la damu. Wengi wao hupewa enalapri au losatani, na juu yake dawa ya kuongeza mkojo kama haidroklorothiazaidi. Dawa hizo mbili zikikutana na diklofenaki katika mwili mmoja, figo huweza kushindwa kufanya kazi ghafla. Aidha, diklofenaki na wenzake huongeza shinikizo lenyewe, hivi kwamba mgonjwa anaweza kudhani dawa zake za presha zimeacha kufanya kazi, kumbe ni vidonge vya goti. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zenye tenofovi wanapaswa kuwa na hadhari hiyo hiyo, kwa kuwa tenofovi pia huweza kuathiri figo.

Kuna kisa kimoja cha wanyama kinachoonyesha nguvu ya dawa hii. Kusini mwa Asia, tumbusi walikufa kwa mamilioni baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Figo zao ziliharibika. Watafiti walitangaza chanzo hicho mwaka wa 2004, na India ikapiga marufuku matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo mwaka wa 2006. Binadamu si tumbusi, na figo zetu huistahimili dawa hii zaidi, lakini kiungo kinacholengwa ni kile kile.

Kuhusu moyo, ulimwengu ulizinduka Septemba 2004 wakati kampuni ya Merck ya Marekani ilipoiondoa sokoni dawa yake ya Vioxx, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba waliokuwa wakiitumia walipatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wale wasioitumia. Vioxx ilikuwa imebuniwa mahususi ili isidhuru tumbo. Baadaye ilibainika kuwa tatizo hilo halikuwa la Vioxx pekee. Mwaka wa 2013 wasimamizi wa dawa barani Ulaya walishauri kwamba diklofenaki isitumiwe na watu wenye maradhi makubwa ya moyo au waliowahi kupata kiharusi, na mwaka wa 2015 wenzao wa Marekani walionya kwamba hatari hiyo huweza kuanza katika wiki za kwanza za matumizi.

Jina moja, sura nyingi

Pengine kosa la kila siku kuliko yote ni kumeza dawa ile ile mara mbili bila kujua. Mtu hununua diklofenaki kwa ajili ya mgongo, jioni akaongeza Brufen kwa ajili ya kichwa, na kesho yake akanywa dawa ya mafua ambayo ndani yake mna aspirini au ibuprofeni. Kwa hesabu yake ametumia dawa tatu za magonjwa matatu. Kwa hesabu ya tumbo lake, amezidisha dawa moja. Dawa mbili za ukoo huu hazichanganywi. Hazizidishi nafuu bali madhara. Dawa inayoweza kuongezwa juu ya mojawapo ni parasetamoli.

Kwa sababu hiyo, jina la kusoma kwenye pakiti si lile lililoandikwa kwa herufi kubwa bali lile dogo la dawa iliyomo ndani, pamoja na idadi ya miligramu. Vidonge vilivyofungwa katika kipande cha karatasi bila jina havifai kununuliwa kamwe. Vilevile, ni vyema kujihadhari na dawa 'za mitishamba' za baridi yabisi zinazoponya kwa siku moja. Mwaka wa 2022 wasimamizi wa dawa nchini Marekani walitoa onyo kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho asilia, kumbe mlifichwa diklofenaki na deksamethasoni.

Wakati wa homa pia pana tahadhari. Mombasa imewahi kukumbwa na milipuko ya homa ya dengi, ikiwemo ile ya 2013 na ya 2021. Ugonjwa huo hupunguza chembe zinazogandisha damu, na aspirini au ibuprofeni huweza kuzidisha uvujaji. Kabla ya vipimo kuonyesha homa imetokana na nini, parasetamoli ndiyo ya kutumia. Watoto walio chini ya miaka 16 hawapaswi kupewa aspirini bila agizo la daktari, kwa kuwa huweza kusababisha ugonjwa adimu lakini hatari wa ini na ubongo. Ibuprofeni ya maji hupimwa kulingana na uzito wa mtoto, wala si kwa kijiko cha chai cha jikoni. Mama mjamzito aepuke dawa hizi kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari ameagiza, kwa kuwa huweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni. Mwenye pumu ambaye kifua humbana akimeza aspirini hapaswi kuonja hata moja ya ukoo huu.

Kwa mtu mzima asiye na matatizo hayo, ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 mara tatu kwa siku hutosha, na isipite miligramu 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari. Diklofenaki haipaswi kuzidi miligramu 150 kwa siku. Anza na kiasi kidogo, kwa siku chache. Homa ikipita siku tatu au maumivu yakipita siku kumi, kinachohitajika ni uchunguzi, si pakiti nyingine. Kwa goti au kidole kinachouma, diklofenaki ya kupaka ni chaguo zuri ambalo wengi hawalifikirii, kwani ni sehemu ndogo tu ya dawa inayoingia katika damu.

Aliyeagizwa na daktari kumeza aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo asiiache kwa hiari yake. Amweleze daktari kabla ya kutumia ibuprofeni, kwa kuwa huweza kuizuia aspirini hiyo isifanye kazi.

Acha dawa na uende hospitalini mara moja ukiona kinyesi cheusi kama lami, matapishi yenye damu au yanayofanana na unga wa kahawa, mkojo uliopungua sana, miguu au uso kuvimba, kifua kuuma, ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea. Beba pakiti zote za dawa ulizomeza, zikiwemo zile ulizonunua bila cheti, ili daktari azione.